Royals ya Montréal (1928–1960): Historia ya Timu Ndogo, Msimu kwa Msimu

1. Utangulizi

Historia ya michezo, kama historia ya tawala, hupenda kuwataja wakubwa. Vitabu hujaa majina ya timu zilizotwaa vikombe vya juu, nazo timu zilizowalea wachezaji wa vikombe hivyo hutajwa kwa mstari mmoja, au hazitajwi kabisa. Makala haya yanachunguza timu moja ya namna hiyo ya pili, yaani Royals ya mji wa Montréal, katika jimbo la Québec nchini Kanada. Timu hiyo ilicheza besiboli katika ligi ya daraja la pili kuanzia mwaka 1928 hadi mwaka 1960. Wananchi wa Montréal wanaosema Kifaransa waliiita Royaux.

Sababu za kuichagua timu hiyo ni mbili. Kwanza, katika msimu wake wa mwaka 1946 Royals ilimchezesha Jackie Robinson, Mmarekani mweusi, wakati ambapo ligi zote zilizotambuliwa rasmi nchini Marekani zilikuwa zimewafungia milango watu weusi kwa zaidi ya nusu karne. Pili, ilikuwa timu ya mchezo wenye asili ya Kiingereza katika mji ambao wakazi wake wengi husema Kifaransa. Kwa hiyo historia yake inagusa mambo mawili yanayomhusu mwanafunzi wa lugha na jamii: nani anaruhusiwa kuingia uwanjani, na kwa lugha gani yanasimuliwa yanayotendeka humo.

2. Mchezo, ligi na istilahi

Kwa kuwa besiboli haichezwi sana Afrika ya Kati, yafaa kueleza mambo machache. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana kupiga na kulinda. Mtupaji wa timu inayolinda humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Mpigaji akiupiga mpira vizuri, hukimbia kupitia vituo vitatu na kurudi alikoanzia. Akifika salama, timu yake hupata pointi moja. Mpira ukipigwa hata ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa. Mkimbiaji mwepesi anaweza pia "kuiba" kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele wakati mtupaji anatupa, kabla mpira haujapigwa. Mchezo mzima una zamu tisa, nazo huongezwa timu zikiwa sare.

Royals ilishiriki Ligi ya Kimataifa, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilikuwa na timu za Marekani na za Kanada. Msimu ulianza Aprili na kwisha Septemba, na kila timu ilicheza michezo ipatayo 154. Timu iliyoongoza mwishoni mwa msimu ilitwaa ubingwa wa ligi. Baadaye timu nne za juu zilishindania Kombe la Magavana, na mshindi wa kombe hilo, katika miaka mingi, alipambana na bingwa wa ligi nyingine ya daraja hilohilo iliyoitwa American Association. Mapambano hayo ya mwisho yalijulikana kama Mfululizo Mdogo wa Dunia. Msomaji akumbuke tofauti hiyo, kwani katika baadhi ya miaka Royals ilipata ubingwa ikakosa kombe, na katika mingine ikapata kombe bila ubingwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni hadhi ya timu ndogo. Kuanzia miaka ya 1920 Branch Rickey, aliyekuwa kiongozi wa timu ya St. Louis, alianzisha mtindo wa timu kubwa kumiliki au kuongoza timu ndogo ili kukuzia humo wachezaji wake. Waingereza na Wamarekani huiita timu ya namna hiyo kwa neno lenye maana ya shamba. Wafaransa wa Québec huiita "club-école", yaani timu iliyo shule. Majina hayo mawili hayana mawazo sawa. Shamba lina mwenyewe, na mavuno hupelekwa kwa mwenyewe. Shule nayo humtoa mwanafunzi akaenda zake, lakini jina lake hubaki katika daftari la shule. Historia ya Royals inaweza kusomwa kwa maneno yote mawili.

3. Kuzaliwa upya na miaka ya shida (1928–1938)

Montréal ilikuwa imepata kuwa na timu yenye jina hilo kuanzia mwaka 1897 hadi 1917. Ilivunjika wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, na kwa misimu kumi mji huo haukuwa na timu katika ligi. Mwaka 1928 George Stallings, kocha aliyekuwa ameiongoza timu ya Boston kupata ubingwa wa dunia mwaka 1914, aliirudisha Royals pamoja na wenyeji, miongoni mwao mwanasiasa Athanase David na mfanyabiashara Ernest Savard. Uwanja mpya ulijengwa pembeni mwa barabara ya De Lorimier na ya Ontario, upande wa mashariki wa mji, penye mitaa ya wafanyakazi wanaosema Kifaransa. Ulifunguliwa Mei 1928 na uliweza kuchukua watazamaji wapatao 20,000.

Mahali palipochaguliwa si jambo dogo. Utajiri wa Montréal ya wakati huo ulikuwa zaidi mikononi mwa Waingereza wa upande wa magharibi. Uwanja wa mashariki uliwapa wananchi wa Kifaransa mahali ambapo wangeweza kufika kwa miguu au kwa tramu jioni baada ya kazi.

Misimu ya kwanza haikuleta taji. Stallings alifariki mwaka 1929, na mwaka huohuo ulianza mdororo mkuu wa uchumi uliowanyima watu wengi fedha za kiingilio. Hata hivyo, ni katika miaka hiyo ya dhiki ambapo mtu wa Montréal aliibadili besiboli ya daraja la pili kwa jumla. Frank Shaughnessy, aliyeiongoza Royals, alibuni utaratibu wa kuzipambanisha timu nne za juu baada ya msimu, ili watazamaji wasiache kuja pale timu moja inapowaacha wenzake mbali. Ligi ya Kimataifa iliukubali mwaka 1933, na ligi nyingine zikauiga. Chini yake Royals ilipata ubingwa wa ligi mwaka 1935, wa kwanza tangu kuzaliwa upya. Mwaka uliofuata Shaughnessy akawa rais wa ligi nzima, akaushika wadhifa huo hadi mwaka 1960.

4. Chini ya Brooklyn (1939–1945)

Mwaka 1939 Royals ilianza uhusiano na timu kubwa ya Brooklyn Dodgers ya New York. Tangu hapo hatima yake ikawa katika ofisi za Brooklyn. Mchezaji aliyeng'ara Montréal mwezi wa Juni angeweza kuitwa Julai, na watazamaji waliojifunza jina lake wakaanza kujifunza la mwingine. Methali husema mchumia juani hulia kivulini. Katika mpango huu Montréal ilichumia juani, Brooklyn ikalia kivulini.

Malipo yake yalikuwa kwamba timu ilipata wachezaji bora kuliko zamani. Msimu wa 1941 Royals ilitwaa Kombe la Magavana, ingawa Newark ndiyo iliyoongoza ligi. Katika Mfululizo Mdogo wa Dunia ilishindwa na Columbus. Misimu ya 1942 hadi 1944 ilikuwa ya vita. Wachezaji wengi waliitwa jeshini na timu haikupata taji.

Msimu wa 1945 ulileta ubingwa wa ligi chini ya kocha Bruno Betzel. Kwa wananchi wa Québec ubingwa huo ulikuwa na utamu wa pekee, kwani vijana wao wenyewe walikuwa mbele. Mtupaji Jean-Pierre Roy, mzaliwa wa Montréal, alishinda michezo 25 msimu huo, na Roland Gladu alikuwa miongoni mwa wapigaji hodari. Roy aliitumikia Brooklyn kwa muda mfupi mwaka 1946, na miaka mingi baadaye sauti yake ilisikika katika matangazo ya Kifaransa ya timu ya Expos.

5. Msimu wa 1946

Tarehe 23 Oktoba 1945 waandishi wa habari waliitwa katika ofisi za uwanja wa De Lorimier. Hector Racine, rais wa timu, aliwatambulisha kwa Jackie Robinson, aliyekuwa amecheza mwaka huo katika timu ya watu weusi ya Kansas City Monarchs. Branch Rickey, ambaye sasa aliiongoza Brooklyn, alikuwa amemwita kwake mwezi wa Agosti na kumweleza mpango wake. Masharti yalikuwa dola 3,500 za kutia saini na dola 600 kwa mwezi. Lakini sharti zito halikuwa la fedha: Robinson alitakiwa asijibu tusi wala pigo, hata achokozwe namna gani.

Ili kupima uzito wa tukio hilo, ni lazima kurudi nyuma. Mwezi wa Julai 1887 viongozi wa Ligi ya Kimataifa waliamua kwamba mikataba mipya isitolewe kwa wachezaji weusi. Moses Fleetwood Walker, aliyecheza Syracuse hadi mwaka 1889, alikuwa wa mwisho. Uamuzi huo haukuandikwa katika sheria ya nchi. Ulikuwa mapatano ya mabwana, na kwa sababu hiyohiyo ulidumu: hakuna mahakama iliyoweza kuufuta, wala hakuna aliyelazimika kuutetea hadharani.

Mazoezi ya majira ya kuchipua 1946 yalifanyika Florida, jimbo lenye sheria za ubaguzi. Robinson na mtupaji mweusi John Wright walilazimika kuondoka mji wa Sanford kwa vitisho. Mji wa Jacksonville ulikataa mchezo usifanyike. Mji wa DeLand ulitoa udhuru kwamba taa za uwanja ni mbovu, hali mchezo ulikuwa wa mchana. Daytona Beach peke yake ilifungua uwanja wake, na hapo Robinson alicheza tarehe 17 Machi.

Msimu wenyewe ulianza tarehe 18 Aprili mjini Jersey City. Robinson alipata mapigo manne katika nafasi tano, moja likiwa la kuvuka ukuta lililoleta pointi tatu kwa mara moja. Aliiba vituo viwili na kufunga pointi nne. Royals ilishinda 14 kwa 1. Siku hiyo mapatano ya mwaka 1887 yalikufa, na yalikufa mbele ya umati, bila azimio lolote.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mjini Baltimore alitukanwa huku mkewe Rachel akisikia kutoka jukwaani. Mjini Syracuse paka mweusi alitupwa uwanjani na Robinson akaambiwa kwamba huyo ni ndugu yake. Kocha wake mwenyewe, Clay Hopper, alikuwa mtu wa Mississippi, naye inasimuliwa kwamba mwanzoni alimwuliza Rickey kama kweli anamhesabu mtu mweusi kuwa binadamu. Mwisho wa msimu Hopper huyohuyo alimpa Robinson mkono na kumsifu kama mchezaji na kama mwungwana. Kati ya swali lile na mkono ule ilipita michezo zaidi ya mia na hamsini. Robinson aliilipia kwa mwili wake: karibu na mwisho wa msimu alikosa usingizi na hamu ya chakula, na daktari akamwamuru apumzike.

Takwimu zake zilikuwa hizi: wastani wa kupiga .349, ulio wa kwanza katika ligi nzima. Vituo vya kuiba 40. Pointi alizofunga 113. Royals ilishinda michezo 100 na kushindwa 54, ikawaacha wa pili, Syracuse, kwa michezo kumi na minane na nusu. Kisha ikatwaa Kombe la Magavana.

Mfululizo Mdogo wa Dunia dhidi ya Louisville ulianzia Kentucky. Katika michezo mitatu ya huko Robinson alizomewa bila kukoma, akapata pigo moja tu, na Royals ikashindwa mara mbili. Habari zilifika Montréal kabla ya timu. Louisville ilipoingia uwanja wa De Lorimier, watazamaji waliwazomea wachezaji wake wote, kila mmoja kwa zamu yake, wakiyarudisha yale aliyotendewa mtu wao. Royals ilishinda michezo mitatu mfululizo. Mchezo wa mwisho, tarehe 4 Oktoba, uliisha 2 kwa 0. Umati uliingia uwanjani, ukambeba Robinson, ukamfuata hata barabarani alipokuwa akikimbilia usafiri wake. Mwandishi Sam Maltin, aliyekuwapo, aliona ajabu katika tukio hilo: watu weupe walimkimbiza mtu mweusi, na nia yao haikuwa kumwua.

6. Mji na dhamiri yake

Ni rahisi kuligeuza tukio hilo kuwa hadithi ya mji mwema usio na ubaguzi. Ushahidi hauruhusu. Mwaka 1936 Fred Christie, mtu mweusi mkazi wa jimbo la Québec, aliingia katika baa iliyokuwa ndani ya jengo la michezo la Forum mjini Montréal, akanyimwa bia kwa ajili ya rangi yake. Alishitaki, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Kanada. Mwaka 1939 mahakama hiyo iliamua kwamba mfanyabiashara ana hiari ya kumhudumia amtakaye. Hivyo mwaka 1946, Robinson alipokuwa akishangiliwa mashariki mwa mji, sheria ilimruhusu mwenye baa upande wa magharibi kumkatalia glasi.

Hata hivyo, mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Robinson na mkewe walipanga nyumba katika barabara ya De Gaspé, katika mtaa wa watu wanaosema Kifaransa. Rachel Robinson ameeleza mara nyingi kwamba alikwenda kuiona nyumba akiwa na hofu, na mwenye nyumba akampokea kwa chai. Alikuwa mjamzito, na majirani, ambao wengi wao hawakuweza kuzungumza naye kwa lugha moja, walimletea kuponi za mgao wa chakula na watoto wao wakamsaidia kubeba mizigo. Mwaka 2011 bango la kumbukumbu lilizinduliwa kwenye nyumba hiyo.

Wanahistoria kadhaa wameona kwamba Wafaransa wa Québec, ambao nao walijihesabu kuwa wadogo katika nchi yao wenyewe, walimtambua Robinson kama mwenzao. Maelezo hayo yana mvuto, lakini yasitiliwe chumvi. Kudharauliwa hakumfundishi kila mtu kutodharau. Lililo hakika ni kwamba Brooklyn iliichagua Montréal kwa hesabu: ilihitaji mji wa ligi ya juu ya daraja la pili ambako sheria za ubaguzi za kusini hazikuwapo. Wakazi wa mji waliongeza kitu ambacho hesabu haikukiomba.

7. Baada ya Robinson (1947–1953)

Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliichezea Brooklyn kwa mara ya kwanza, na shamba likatoa mavuno yake makubwa. Kabla ya hapo Dodgers na Royals zilikuwa zimefanya mazoezi mjini Havana, Kuba, ili kuepuka Florida. Mdakaji mweusi Roy Campanella alicheza Montréal msimu huo. Royals iliukosa ubingwa kwa nusu mchezo tu nyuma ya Jersey City.

Msimu wa 1948 ulikuwa kamili. Mtupaji Don Newcombe, mweusi pia, alishinda michezo 17, na timu ikapata ubingwa, Kombe la Magavana na Mfululizo Mdogo wa Dunia dhidi ya St. Paul. Msimu wa 1949 Sam Jethroe aliiba vituo 89, na Dan Bankhead alishinda michezo 20 kama mtupaji. Royals haikuongoza ligi lakini ilitwaa kombe, kisha ikashindwa na Indianapolis. Majina hayo yanaonyesha kwamba mlango uliofunguliwa mwaka 1946 haukufungwa nyuma ya mtu mmoja. Lakini wapo pia waliosahauliwa: John Wright na Roy Partlow, watupaji weusi wa mwaka 1946, walipelekwa timu ya chini ya Trois-Rivières, na hawakupata kamwe nafasi katika ligi kubwa.

Kuanzia 1950 hadi 1953 kocha alikuwa Walter Alston. Msimu wa 1950 haukuleta taji. Msimu wa 1951 ulileta ubingwa na kombe, na kushindwa mbele ya Milwaukee. Wa 1952 ulileta ubingwa bila kombe. Wa 1953 ulileta kombe bila ubingwa, na ushindi dhidi ya Kansas City katika Mfululizo Mdogo wa Dunia, ambao ulikuwa wa tatu na wa mwisho. Brooklyn haikuchelewa: Alston aliitwa kuiongoza timu kubwa, na mwaka 1955 aliipatia ubingwa wa dunia. Hata kocha alikuwa zao la shamba.

8. Machweo (1954–1960)

Msimu wa 1954 unaonyesha vizuri ukali wa mfumo huo. Brooklyn ilimleta Montréal kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente, kwa zawadi ya dola 10,000. Kanuni ya wakati huo ilisema kwamba mchezaji aliyepokea zaidi ya dola 4,000 akiwekwa katika timu ndogo, timu nyingine yoyote kubwa inaweza kumchukua msimu ukiisha. Clemente alicheza michezo 87 tu, mara nyingi akiketi nje, na wengi wameamini kwamba alifichwa macho ya wageni. Kama ndivyo, ujanja ulishindwa: Novemba 1954 Pittsburgh ilimchukua, naye akawa mmoja wa wachezaji wakuu wa karne. Kijana asiyejua vizuri Kiingereza wala Kifaransa aliketi benchini miezi mingi bila kuelezwa sababu. Lawama hiyo aliirudia baadaye mwenyewe.

Ubingwa wa mwaka 1955 ulikuja bila kombe. Msimu wa 1956 ulipita mikono mitupu. Mwaka 1957 Royals ilimaliza ya mwisho. Msimu huo ulipokwisha Brooklyn Dodgers ilihamia Los Angeles, na Montréal, iliyokuwa umbali wa usiku mmoja kwa treni kutoka New York, ikajikuta ikimtumikia bwana aliye ng'ambo ya bara zima.

Msimu wa 1958 ulikuwa mwako wa mwisho wa mshumaa. Tommy Lasorda, mtupaji aliyepata ushindi zaidi ya mia katika jezi ya Royals lakini hakushinda hata mchezo mmoja Brooklyn, alishinda michezo 18. Timu ilipata ubingwa na kombe, kisha ikashindwa michezo minne mfululizo na Minneapolis. Mwaka 1959 hapakuwa na taji, na mwaka 1960 ikawa ya mwisho tena.

Sababu za kufifia zilikuwa nyingi. Televisheni ya Radio-Canada ilianza Montréal Septemba 1952, ikawaweka watu nyumbani jioni. Timu ya mpira wa magongo wa barafuni, Canadiens, ilitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960, ikauteka moyo wa mji. Ligi nayo ilitanuka hadi Havana tangu 1954, na gharama za safari zikapanda. Lakini sababu ya msingi ilikuwa katika muundo: timu isiyomiliki wachezaji wake haikuwa na njia ya kujiokoa. Msimu wa 1960 ulipokwisha, mwaka uleule ambao Kongo ilipata uhuru wake, Royals ilihamishwa Syracuse na jina likafutwa.

9. Lugha ya uwanja

Imebaki faida moja isiyohesabiwa katika vikombe. Kwa misimu thelathini na mitatu magazeti ya Kifaransa ya Montréal, likiwemo La Presse, yalilazimika kusimulia michezo ya Royals kwa wasomaji ambao hawakutaka kuisoma kwa Kiingereza. Besiboli ya Québec husemwa kwa Kifaransa chake: mtupaji ni "lanceur", mdakaji ni "receveur", zamu ni "manche", kuvusha mpira ukuta ni "coup de circuit". Kituo huitwa "but", neno ambalo kwa msomaji wa Kongo aliyezoea Kifaransa cha kabumbu lina maana ya goli. Ufaransani kwenyewe wachezaji husema "base", kama Waingereza. Hivyo Québec, iliyo ndogo, imeunda maneno yake, na Ufaransa iliyo kubwa ikakopa.

Jambo hilo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili. Istilahi haikungoja kamati ikutane. Ilizaliwa kwa sababu palikuwa na tukio la kusimuliwa kila siku, watu wenye hamu ya kulisikia, na waandishi waliodaiwa neno kabla ya gazeti kuchapwa. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo katika kabumbu, ambako watangazaji wa redio wametangulia mbele ya kamusi. Lugha hukua pale inapopewa kazi.

10. Hitimisho

Kwa hesabu, Royals ilipata ubingwa wa ligi mara nane (1935, 1945, 1946, 1948, 1951, 1952, 1955 na 1958), Kombe la Magavana mara saba (1941, 1946, 1948, 1949, 1951, 1953 na 1958), na Mfululizo Mdogo wa Dunia mara tatu (1946, 1948 na 1953). Uwanja wa De Lorimier ulibomolewa, na mahali pake pamejengwa shule. Montréal ilipata timu ya ligi kubwa mwaka 1969, Expos, nayo ikaondoka baada ya msimu wa 2004. Sanamu ya Robinson ingali imesimama kando ya Uwanja wa Olimpiki.

Ikitazamwa kama shamba, Royals ilimalizika siku mwenyewe alipoacha kulihitaji. Ikitazamwa kama shule, daftari lake lingali linasomwa: Robinson, Campanella, Newcombe, Clemente, Lasorda, Alston. Mwaka 1997 ligi kubwa ziliistaafisha namba 42, aliyoivaa Robinson huko Brooklyn, isivaliwe tena na mchezaji mpya wa timu yoyote. Heshima hiyo ilipewa Brooklyn. Lakini jaribio lenyewe, yaani swali kama uwanja ungevumilia, kama wenzake wangempa mkono, na kama umati ungemzomea au ungembeba, lilikuwa limekwisha kujibiwa mwaka mmoja kabla, katika ligi ndogo, mbele ya watu wa Montréal.